Ugonjwa wa Wavulana Unaogeuka wa Wanawake

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walifanya kazi isiyohitaji maabara. Walipekua ripoti za wagonjwa wa mzio wa chakula zilizokwisha kuchapishwa, wakatenganisha wakubwa na wadogo, wa kiume na wa kike, kisha wakajumlisha. Wagonjwa walizidi 4,700. Kwa watoto, 64 katika kila 100 walikuwa wavulana. Kwa watu wazima, 65 katika kila 100 walikuwa wanawake.

Magonjwa mengi yana jinsia yake na hushikamana nayo. Jongo huwaelemea wanaume, lupasi huwaelemea wanawake, na daktari hujifunza hivyo chuoni na kuzeeka nalo. Mzio wa chakula unaanza na wavulana, balehe inapita, halafu unakutwa umehamia kwa wanawake. Pumu nayo hufuata njia hiyo hiyo, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzii wagonjwa wachache waliojazana kwa bahati kwenye kliniki moja.

Shida ni kwamba picha ya mzio tuliyo nayo vichwani ni ya mtoto: kijana wa shule ya msingi anayeonja karanga na uso wake ukavimba. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Mgonjwa wa kawaida wa ukubwani ni mwanamke, pengine wa makamo, aliyekula kamba tangu utotoni bila tatizo, hadi siku moja kamba wakamkataa. Hafanani na picha, kwa hiyo ni rahisi aambiwe kuwa ni wasiwasi, ni uchovu, ni vidonda vya tumbo. Sura hii inamhusu yeye, na inamhusu pia mwanamume mmoja ambaye tutamkuta mbele, asiyehesabiwa kwa sababu nyingine kabisa.

Takwimu pana za watu wazima zimetoka Marekani. Daktari Ruchi Gupta wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake waliwahoji watu wazima zaidi ya 40,000 na kuchapisha matokeo Januari 2019. Karibu mtu 1 katika 5 alisema ana mzio wa chakula fulani. Watafiti hawakuishia hapo. Waliuliza nini hasa hutokea: midomo huvimba? Mapele hutoka? Kifua hubana? Unatapika? Waliosimulia dalili zinazoingia akilini kuwa ni mzio wakabaki asilimia 10.8. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 13.8, na miongoni mwa wanaume 7.5. Chakula kilichoongoza hakikuwa karanga. Kilikuwa kamba, kaa na jamii yao, kwa asilimia 2.9 ya watu wazima wote. Karibu nusu ya wenye mzio walikuwa na angalau mmoja ulioanza baada ya utoto kupita.

Kamba wanastahili maneno mawili zaidi, hasa kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Kilwa. Protini inayoleta balaa humo inaitwa tropomiosini. Imo kwenye nyama ya kamba na kaa, na moto wa jikoni hauivunji. Mende wanayo tropomiosini inayofanana nayo sana. Wanayo pia utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na kustawi penye joto na unyevunyevu. Mwili unaweza kuizoea vibaya protini hiyo kwa kuvuta vumbi usiku baada ya usiku, kisha ukaja kumshambulia kamba aliyemo kwenye sahani kwa kumfananisha na utitiri. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini mzio huu hupenda kumwanza mtu mzima.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani yote huitwa aleji. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili. Mwili umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini fulani, na kingamwili hizo zimejibandika juu ya seli za masti, zilizotapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Seli hizo ni maghala ya histamini na kemikali nyingine kali. Protini ikirudi, milango hufunguka ndani ya dakika chache: mishipa ya damu inavuja, mapele yanatoka, koo linavimba, na pengine shinikizo la damu linaporomoka. Hali hiyo ya mwisho, anafilaksisi, inaua, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Kutovumilia chakula ni habari nyingine. Mwili umeshindwa kukimeng'enya, au utumbo unakipokea kwa taabu. Tumbo linajaa gesi, linasokota, mtu anaharisha. Inatesa na inaaibisha, ila haimfikishi mtu kaburini kwa saa moja.

Wanawake wanaongoza katika takwimu za yote mawili. Makosa huanzia hapo, kwa sababu watu huona idadi mbili zinazofanana na kudhani zina chanzo kimoja.

Tuanze na mwili. Seli za masti zina vipokezi vya estrojeni, maana yake homoni hiyo inazifikia moja kwa moja. Mwaka 1995 madaktari wa Ugiriki walichapisha jaribio rahisi na zuri. Waliwachoma wanawake ngozi kwa matone ya histamini na ya vitu vinavyoleta mzio, kile kipimo cha kawaida cha kliniki, wakipima upana wa uvimbe katika siku tofauti za mzunguko wa hedhi. Uvimbe ulikuwa mkubwa zaidi kati ya siku ya 12 na ya 16, wakati estrojeni iko juu. Mwanamke ni yule yule na kipimo ni kile kile. Tarehe tu ndiyo iliyobadilika. Ninashangaa mpaka leo kwamba kliniki nyingi humpima mwanamke mzio bila kumuuliza alipata hedhi lini.

Mwaka 2015 wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Mzio na Magonjwa ya Kuambukiza ya Marekani walikwenda hatua zaidi kwa kutumia panya. Walipowasababishia anafilaksisi, majike waliugua vibaya zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko madume. Walipoizuia estrojeni isifanye kazi, tofauti ikatoweka. Wakafuata nyayo hadi kwenye kuta za mishipa ya damu. Estrojeni huongeza kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa. Mishipa iliyolegea huvuja upesi, na katika anafilaksisi kuvuja huko kunaweza kuua.

Kule Michigan State, Adam Moeser na wenzake waliitazama seli ya masti yenyewe. Mwaka 2016 walionyesha kwamba seli za panya jike huhifadhi histamini na vimeng'enya vingi kuliko za dume. Ikishtuliwa, seli ya jike ina cha kumwaga. Mwaka 2020 wakaongeza jambo ambalo hawakulitegemea wengi: tofauti hiyo haisubiri balehe. Homoni za kiume zinazomfikia dume karibu na kuzaliwa ndizo zinazozipanga seli zake ziwe pole, na upole huo unabaki hadi ukubwani.

Msomaji makini ataniuliza hapa: kama seli za dume zimekuwa pole tangu kuzaliwa, mbona wavulana wadogo ndio wengi kwenye kliniki za watoto? Swali ni la haki. Kuupata mzio ni jambo moja, na ukali wake ukishaupata ni jambo jingine. Panya wa Moeser wanatufundisha kuhusu ukali. Wavulana wanawapita wasichana katika kuupata, na kwa wastani wana IgE nyingi zaidi kwenye damu tangu wakiwa wachanga. Ukiweka maelezo hayo mawili pamoja unapata mpangilio unaoeleweka: mvulana anauchukua mzio mapema, na anapobalehe testosteroni inautuliza mfumo wake wa kinga, msichana anaweza kuchelewa kuupata, lakini akishavunja ungo mwili wake una silaha nzito zaidi za kuuendesha. Panya si binadamu, na ningekuwa mwangalifu kuyabeba matokeo yote ya maabara mpaka mezani. Hata hivyo mwelekeo ni mmoja.

Ingekuwa rahisi kuifunga sura hapa na kusema: homoni. Vitabu vingi hufanya hivyo. Lakini tuende kwanza Japani.

Kuanzia mwaka 2004, wanawake wa Japani walianza kununua kwa posta sabuni ya uso iitwayo Cha no Shizuku. Ilikuwa na dondoo za chai na ilitoa povu zito, laini, la kuvutika. Sehemu ya siri ya povu hilo ilikuwa protini ya ngano iliyokatwakatwa vipande kwa asidi na joto. Wateja walikuwa kati ya milioni 4 na 5, na sabuni zilizouzwa zilizidi milioni 40. Watumiaji wengine walianza kuwashwa macho na kutiririkwa na kamasi wanaponawa, wakadhani ni vumbi au hali ya hewa. Kisha mambo ya ajabu yakaanza. Mwanamke anakula mkate asubuhi, anatoka mbio kuwahi treni, kope zinavimba mpaka macho yanafunga. Mwingine anakula udon, tambi nene za ngano, anapanda baiskeli kurudi kazini, anaanguka njiani kwa anafilaksisi. Hakuna kati yao aliyewahi kusumbuliwa na ngano maishani.

Madaktari wa Japani walizoea aina ya mzio wa ngano unaosubiri mtu afanye mazoezi ndipo ulipuke. Kilichowashtua ni zile kope, na idadi ya wanawake. Sabuni iliondolewa sokoni mwaka 2011. Kamati ya wataalamu ilipomaliza kuhesabu, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa zaidi ya 2,100, na wanawake walikuwa karibu 96 katika kila 100.

Tafakari idadi hiyo. Kama mtu angepewa orodha ya wagonjwa hao bila kuambiwa habari ya sabuni, angeandika makala kuhusu estrojeni na ngano. Angeweza hata kupata ufadhili. Uwiano wa wanawake 24 kwa mwanamume 1 haujawahi kuletwa na homoni yoyote katika mzio wa chakula. Uliletwa na nani ananawa uso kwa sabuni gani. Wengi wa wagonjwa hao walipoacha sabuni, kingamwili zao zilipungua mwaka hadi mwaka, na baadhi wakarudi kula ngano.

Mkasa huu ulitia nguvu nadharia iliyokuwa imetolewa na daktari wa watoto wa London, Gideon Lack: chakula kinachoingia kwa mdomo huufundisha mwili kukikubali, na chakula kinachoingia kupitia ngozi, hasa ngozi iliyochubuka au yenye ukurutu, huufundisha kukipiga vita. Jaribio lake la mwaka 2015 kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari lilionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipunguza uwezekano wa mzio wa karanga kwa karibu asilimia 80. Sabuni ya Japani ilikuwa upande wa pili wa nadharia hiyo: ngano iliyosuguliwa kwenye ngozi mara mbili kwa siku, kwa miaka.

Sasa geuza macho uangalie mikono. Nani anamenya kamba? Nani anakanda unga, anaparua samaki, anachambua maharage? Nani anapaka usoni krimu na losheni zenye mafuta ya lozi, shayiri, maziwa na asali? Rangi nyekundu ya kamini, inayotengenezwa kwa wadudu waliosagwa na kutiwa kwenye rangi za midomo na pia kwenye soseji na peremende, imeripotiwa kuleta mzio, na wagonjwa wanaoripotiwa wengi ni wanawake. Katika viwanda vya kaa vya Newfoundland, Kanada, wafanyakazi hupata pumu kwa kuvuta mvuke wa kaa wanaochemshwa, na watafiti wa huko wamelazimika kuuliza jinsi kazi zinavyogawanywa kati ya wanaume na wanawake kwenye mstari wa uzalishaji ili waelewe nani anaugua na kwa nini. Mgawanyo wa kazi ni mgawanyo wa protini. Sijaona sababu ya kuamini kwamba jiko la nyumbani liko nje ya kanuni hiyo.

Tuje kwenye maziwa, ambako hadithi inabadilika tena.

Kila mtoto mchanga mwenye afya huzaliwa na laktasi, kimeng'enya kinachoivunja sukari ya maziwa. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hufifia. Makadirio ya mwaka 2017 yanasema karibu watu wazima 68 katika kila 100 duniani hawaimeng'enyi laktosi vizuri. Wanaoendelea kunywa maziwa bila shida ukubwani wana mabadiliko madogo kwenye vinasaba yanayoiacha laktasi ikiwaka.

Afrika Mashariki ndiko tulikojifunza kwamba mabadiliko hayo yalizuka zaidi ya mara moja. Sarah Tishkoff na wenzake wa Afrika na Marekani walizunguka Tanzania, Kenya na Sudan wakiwapima watu 470 wa makabila 43. Mtu alikunywa gramu 50 za laktosi zilizokorogwa kwenye maji, sukari iliyomo kwenye takribani lita moja ya maziwa ya ng'ombe, kisha akachomwa kidole mara kadhaa ndani ya saa moja. Glukosi ikipanda kwenye damu, laktasi ipo. Isipopanda, laktosi imeteremka hadi utumbo mpana, na mhusika ataijua habari yake jioni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha badiliko moja lililoenea Kenya na Tanzania ambalo ni tofauti kabisa na lile la Wazungu. Wafugaji walifanya vizuri, kama ulivyotegemea. Karibu nusu ya Wahadza waliopimwa nao walifanya vizuri, ingawa wao ni wawindaji na warina asali wasiofuga ng'ombe, na hilo limewapa wanasayansi kazi ya kubishana.

Kwa sura yetu, jambo muhimu ni mahali jeni ya laktasi ilipo. Iko kwenye kromosomu namba 2. Haiko kwenye X wala Y. Kaka na dada wana nafasi sawa ya kuirithi, na kipimo cha damu hakijui aliyekunywa ni nani. Basi ukiona orodha ya watu waliosema maziwa yanawasumbua na wanawake wamejaa, tofauti hiyo imetoka mahali pengine, si kwenye laktasi.

Sehemu yake inatoka kwenye utumbo wenyewe. Kuna hali ambayo utumbo hauna kidonda wala uvimbe, lakini tumbo linauma mara kwa mara na choo kinabadilika. Madaktari huiita IBS. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti za nchi nyingi ulikuta hali hiyo kwa asilimia 14 ya wanawake na asilimia 8.9 ya wanaume. Utumbo wa namna hiyo huhisi gesi ndogo kama gesi nyingi. Wanawake wengi wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba tumbo lao hubadilika siku za hedhi. Kiasi cha laktosi ambacho kaka mtu angekibeba na kukisahau, kwa dada mtu mwenye IBS ni usiku mzima wa kujinyonganyonga. Laktasi yao inaweza kuwa sawasawa.

Sehemu nyingine inatoka kwenye imani, na hapa napenda jaribio la Minneapolis la mwaka 1995. Watafiti waliwatafuta watu 30 waliosema kwa yakini kwamba hata maziwa kidogo huwaletea taabu kubwa. Kipimo kilionyesha kwamba 9 kati yao walikuwa wakiimeng'enya laktosi bila kasoro. Wote 30 walipewa kila siku, kwa wiki moja, kikombe cha maziwa ya kawaida yaliyotiwa utamu ili ladha zisitofautiane, na wiki nyingine kikombe cha maziwa ambayo laktosi yake imeshavunjwa. Tofauti ya dalili kati ya wiki hizo mbili ilikuwa ndogo isiyo na maana. Mtindi, au mala kama wasemavyo Kenya, ungewafaa wengi wao zaidi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi kabla ya mnywaji.

Uingereza walikuwa wamefanya jambo kama hilo kwa mapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulituma dodoso kwa kaya 7,500 za eneo la Wycombe na idadi kama hiyo nchini kote. Karibu watu 20 katika kila 100 walisema kuna chakula kinachowadhuru, wanawake wakizidi wanaume. Kisha baadhi wakapewa chakula kinachotuhumiwa kikiwa kimefichwa, bila mlaji wala daktari kujua kipi ni kipi. Makadirio yaliyotoka upande wa pili yalikuwa kati ya asilimia 1.4 na 1.8.

Kuna watu wanaoishika takwimu hiyo na kuipungia wanawake usoni. Nadhani wanaisoma vibaya. Pengo kati ya asilimia 20 na asilimia chini ya 2 ni kubwa mno kuwa la jinsia moja. Wanaume nao wamo humo kwa wingi, wakijikataza mayai na nyanya kwa sababu zisizokuwepo. Na mtu aliyekosea kutaja chanzo cha maumivu hajakosea kwamba anaumwa. Huko Oslo, matokeo ya mwaka 2018 yaliwahusu watu 59, wengi wao wanawake, waliojikataza kwa hiari gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, bila kuwa na ugonjwa wa siliaki, tutakaoufikia punde. Walipewa vipande vya nafaka vilivyofichwa gluteni, au fruktani, au visivyo na kimojawapo, wiki moja moja. Gluteni haikuwa na kosa. Aliyewapandisha gesi ni fruktani, sukari iliyomo kwenye ngano na pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Waliposema mkate unawaumiza walisema kweli. Walikuwa wamekamata mtuhumiwa asiye sahihi ndani ya nyumba sahihi.

Sasa yule mwanamume niliyemtaja mwanzoni. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, hushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Kwenye vitabu vya hospitali za Ulaya na Marekani Kaskazini, wagonjwa wake ni wanawake 2 hadi 3 kwa kila mwanamume 1. Lakini watafiti wanapopima damu za watu wote bila kungoja mtu alalamike, pengo linasinyaa: uchambuzi wa mwaka 2019 ulikuta wanawake wakiwazidi wanaume kwa takribani mara 1.4 tu. Wanawake bado wanaongoza, ila ile mara 2 au 3 ilikuwa imechanganya ugonjwa na foleni ya daktari.

Foleni hiyo si ngumu kuielewa. Siliaki huuzuia mwili kunyonya madini ya chuma vizuri, na mwanamke hupimwa damu: akiwa mjamzito, akitoka damu nyingi, akitafuta mtoto asimpate. Kliniki ya wajawazito humtoboa kidole hata asipolalamika, iwe Stockholm au Singida. Mwanamume wa miaka 40 mwenye upungufu wa damu hana kliniki inayomngoja. Anaambiwa anafanya kazi sana. Mifupa yake inalegea polepole, na siku akivunjika nyonga kwa kuteleza bafuni, hakuna anayeuliza habari za chapati.

Kwa hiyo wingi ule ule wa wanawake una maana tofauti kila unapoukuta. Kwa anafilaksisi, mwili umo ndani yake. Kwa ngano ya Japani, ilikuwa sabuni. Kwa maziwa ni utumbo na hisia zake, na kwa siliaki nusu yake ni nani alipimwa. Daktari anayejibu yote kwa neno homoni amejiepusha na maswali matatu.

Maswali yenyewe ni ya kawaida. Ulikula nini, na ulifanya nini saa mbili zilizofuata: ulikimbia, ulikunywa pombe, ulimeza aspirini au ibuprofeni? Vitu hivyo huushusha ukingo ambao mwili hulipuka, na baadhi ya wanawake wameripotiwa kulipuka siku za hedhi pekee kwa chakula wanachokila mwezi mzima. Unapaka nini, unashika nini kazini? Dalili zilianza dakika ngapi baada ya kula? Mwanamke anayesema midomo yake huvimba robo saa baada ya kula kamba anastahili kupimwa siku hiyo hiyo, hata kama orodha ya malalamiko yake ni ndefu na nyingine ni za tumbo tu.

Akipimwa na ikathibitika, atakuta duka la dawa limepangwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Tiba ya kwanza ya mzio wa chakula kuidhinishwa Marekani, Januari 2020, ilikuwa unga wa karanga unaopandishwa kidogo kidogo, na iliruhusiwa kuanzishwa kwa wenye umri wa miaka 4 hadi 17. Februari 2024 ikafuata sindano ya omalizumabu, inayoikamata IgE kabla haijajibandika kwenye seli za masti. Hiyo imeruhusiwa kwa watu wazima pia. Katika jaribio lililoifungulia njia, asilimia 67 ya waliochomwa dawa waliweza kula kiasi cha karanga kilichowekwa kuwa lengo, dhidi ya asilimia 7 ya waliochomwa sindano bandia. Ni matokeo mazuri sana. Watu waliopangwa kwenye jaribio walikuwa 180, na 177 kati yao walikuwa watoto na vijana wa chini ya miaka 18. Vyakula vilivyojaribiwa ni karanga, korosho, maziwa, mayai, ngano, jozi na hazelnati. Kamba na kaa, wanaoongoza kwa watu wazima, hawakuwemo.